Simu Kutoka Wilayani

Mwaka mzima mwanangu hakucheza na wenzake shuleni. Wakienda mapumziko, yeye anabaki darasani na mwalimu, kwa sababu mimi mama yake niliomba iwe hivyo. Baba yake, tulipoachana, aliapa kwamba atamchukua. "Siku utakayomkosa, usinitafute," aliniambia mlangoni kwangu, hapa Rwezamenyo, Kigali, majirani wote wanasikia. Yeye anafanya kazi uwanja wa ndege, Kanombe, na kila neno la pili anawataja wakubwa anaowajua. Mimi ni fundi cherehani, namlea mtoto peke yangu. Nilimwamini.

Wakili wa kwanza niliyemwendea alitaja bei nisiyoiweza hata nishone mwaka mzima. Nikarudi nimenuna, nikamfokea hata jirani yangu anayeuza sambusa, maskini, aliyeniuliza tu nimeshindaje. Hakukasirika. Alinicheka, akasema nina mdomo wote ule halafu sijui kwamba wilayani wapo wanasheria wa serikali ambao hawamtozi kitu mtu kama mimi. Nilikulia Bukoba, lakini kwa miaka niliyokaa Kigali, hicho si kisingizio.

Kesho yake nikaenda. Mwanasheria alikuwa binti mdogo kwangu kwa umri, mpole, akanisikiliza mpaka nikamaliza kueleza na kulia. Nilitegemea aseme tutamburuza mahakamani. Badala yake akaniomba namba ya yule bwana, akampigia palepale, akaweka spika. Mungu wangu, nilitaka kumpokonya ile simu. Mimi nimekuja kwa kujificha, yeye anamwita! Akaninong'oneza kwamba ndivyo wanavyofanya kazi: kwanza upande wa pili usikilizwe, mahakama baadaye.

Akajitambulisha kwamba anapiga kutoka wilayani, kwamba nimekaa mbele yake na ninasikia, na kwamba suala ni mtoto. Huku kwetu simu ya wilayani haichezewi. Yule simba wa mlangoni kwangu alilainika mara moja, madamu hivi, madamu vile.

"Mtoto abaki na mama yake," akasema. "Mimi nilikuwa namtisha tu. Sasa ningempeleka wapi, madamu? Simhitaji."

Mwanasheria akamwambia afike ofisini wiki inayofuata ayaseme hayo na kutia saini, wazungumzie pia matunzo ya mtoto, naye akaitikia bila ubishi. Nilipaswa kufurahi, na kweli nilifurahi, lakini hasira ilinijaa. Mwaka mzima nimekuwa nikishtuka usingizini na kupapasa kitanda nione kama yupo. Nimebadilisha njia za shule, nimemfungia mtoto kama kuku, kumbe namkimbia debe tupu.

Nilikwenda moja kwa moja shuleni, nikawakuta wako mapumziko. Nikamwambia mwalimu kuanzia leo mwanangu atoke na wenzake. Mtoto akasimama mlangoni mwa darasa, mguu mmoja nje, akanitazama.

"Mama, baba hatanichukua?"

"Hatakuchukua."

"Kwa nini?"

Nikamwambia wenzake wanaruka kamba kule, akimbie kabla kengele haijalia.