Mkono wa Shabani na Kikosi cha Msimu Ujao

Kuna siku moja ya mazoezi kule Pugu ambayo sijaisahau mpaka leo, mwanangu, na wala haikuwa siku ya ushindi. Ni siku nilipoanza kujiuliza kwa nini pikipiki ya Shabani inashtuka.

Wakati huo nilikuwa binti wa miaka ishirini na kidogo, mwembamba, mwenye domo, napenda motokrosi, zile mbio za pikipiki za kuruka matuta, kuliko chakula. Timu yetu ilikuwa ya watu wa Kipawa. Tulikuwa na pikipiki mbili za mashindano na waendeshaji watatu: Shabani, aliyetushinda sote, Deo, mtoto wa mwalimu mmoja kutoka Songea, aliyekuwa anaendesha taratibu kama anakwenda kanisani, na mimi, Tatu. Hesabu unaiona mwenyewe. Mmoja lazima awe wa akiba, na msimu uliokuwa umeisha akiba nilikuwa mimi. Mwenye timu, Mzee Kondo, alikuwa ameahidi kutangaza kikosi cha msimu ujao Jumapili. Mtaa mzima ulikuwa na maoni. Hata muuza mihogo alikuwa na kikosi chake, na mimi simo.

Nafasi ya Shabani haikuwa na mjadala. Mashaka yalikuwa kati yangu na Deo, kwa hiyo ningefanya vizuri kushughulika na mambo yangu. Lakini mimi ni mdadisi tangu utotoni. Mama alikuwa akisema ipo siku nitafukua kaburi nijue maiti kalalia ubavu gani.

Basi nikawa nasikia kila Shabani akipunguza gia kabla ya kona, pikipiki inaruka kama mtu aliyekanyagwa. Nikadhani ni waya wa klachi. Fundi akaubadilisha, ikaendelea vilevile. Nikadhani ni mnyororo. Halafu nikaacha kuitazama pikipiki, nikamtazama mtu. Shabani alikuwa anabadilisha gia bila kubana klachi. Mkono wa kushoto uko kwenye usukani, lakini vidole vimelala tu. Mazoezi yalipoisha akaniomba nimfungulie mkanda wa helmeti, eti umekaza. Haukuwa umekaza hata chembe.

Nikamuuliza. Nilikuwa nimeshapanda pikipiki, mguu uko kwenye kiki.

"Braza, mkono vipi?"

"Poa."

Nikapiga kiki, nikaondoka.

Jumamosi asubuhi nikaenda gereji kwa Mzee Kondo. Alikuwa Mzaramo mwenye mwili mkubwa na tabia moja iliyowakera watu: ukishamjibu salamu, haendelei na mengine. Anakutazama tu, kana kwamba hujamaliza.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Tatu. Habari za Pugu?"

"Nzuri."

Akanitazama. Nikatazama chini, nikasema, "Ila Shabani, mzee. Nahisi mkono wake una matatizo."

"Umemuuliza?"

"Nimemuuliza. Kasema poa."

"Ulikuwa umekaa wapi ulipomuuliza?"

Nikamweleza yote, mpaka habari ya kiki.

"Basi hujamuuliza," akasema. "Umemsalimia."

Yeye hakupandisha sauti. "Sie watu wa hapa, mwanangu, mtu akiulizwa habari anajibu nzuri. Hata nyumba ikiwaka moto atasema nzuri, ila nyumba inawaka moto. Hiyo ila ndiyo habari yenyewe. Wewe umechukua poa yake ukakimbia nayo, sasa umekuja kwangu. Nikimtoa Shabani leo, mtaa utasema Tatu kamchongea apate pikipiki. Na wewe mwenyewe hutakuwa na uhakika kama wanasema uongo."

Maneno yale yaliniuma sana. Mimi niliyekuwa nauliza kila kitu, hilo la nafsi yangu nilikuwa sijaliuliza.

Nikatoka pale moja kwa moja mpaka kwao Shabani, mtaa wa pili. Nilimkuta uani peke yake, redio inaimba. Nikageuza ndoo, nikakaa.

"Mkono vipi?"

"Si nilishakwambia poa."

Sikujibu. Ndege ikapita juu yetu, maana kwao ni karibu na kiwanja, nikasubiri mngurumo uishe. Akanitupia jicho.

"Mbona huondoki?"

"Nasubiri ila."

Akacheka. Nikamwacha acheke mpaka akamaliza, na uso ukambadilika.

"Ila vidole viwili sivisikii," akasema. "Tangu nilipoanguka lile tuta kubwa. Usimwambie mtu, Tatu. Mie nje ya kikosi ni nani?"

Nikamwambia atazame ukutani, nikimshika kidole aseme. Nikakishika kidole chake cha mwisho, nikakiminya kwa nguvu zangu zote.

"Haya, shika basi," akasema, macho bado ukutani.

Nililia, mwanangu. Nilimpenda Shabani kama ndugu yangu, na nilikuwa nimekaa mazoezi mangapi nikidhani ni mnyororo. Alipogeuka akakiona kidole chake kiko mkononi mwangu, aliinuka akazima redio.

Jioni ile alikwenda mwenyewe kwa Mzee Kondo. Hospitali wakasema mshipa wa fahamu umebanwa kwenye kiwiko, na kama angeendelea kuruka matuta msimu mzima, huenda mkono ungekauka. Jumapili kikosi kikatangazwa: Deo na mimi, Shabani mwalimu wetu. Watu wakasema timu imekufa, na kusema kweli hatukushinda kitu mwaka ule. Lakini Shabani alisimama kwenye tuta la mwisho kila mazoezi akitupigia kelele, na mkono ukarudi polepole. Kwanza akaweza kufunga vifungo vya shati. Baadaye sana akabana klachi, na sote tukasikia gia ikiingia bila kushtuka. Deo, mpole yule, alipiga vigelegele kama bibi harusi ni dada yake.

Leo mzee ni mimi. Vijana wa Kimara wamenipa kazi ya kuwapangia kikosi, na simu yangu haipumziki: Bibi Tatu, nani yumo msimu ujao? Tuna matumaini gani? Matumaini tunayo, tena makubwa. Nina waendeshaji wanne, na msichana mmoja anaruka kuliko nilivyoruka mimi. Ninachoshangaa ni kwamba hakuna hata mmoja aliyeniuliza hao wanne wanaendeleaje.

Kwa hiyo shika hili, mwanangu. Endelea kuwa mdadisi, wala usiwasikilize wanaokuita mmbea. Lakini ukitaka kujua hali ya mtu, zima injini, kaa chini, muulize, kisha unyamaze. Na ukiulizwa wewe na mtu aliyekaa, usimpe poa ukamfukuza nayo. Sema kinachouma kungali mapema, hata kama kitakugharimu nafasi. Nafasi unaweza kuipata tena msimu mwingine. Kiungo cha mwili sikuahidi.

Mungu akulinde kwenye kila tuta unaloruka, akushushe salama kwa miguu yako miwili. Akupe wenzio wa kushindana nao bila chuki. Na siku utakayosema poa huku moyoni si poa, akuletee mtu asiyeondoka.