Gari yangu ilifaulu crash test, mbavu za mama mkwe zikavunjika

Wakuu, habari za mapumziko. Hili limenitokea mwenyewe, sijaongeza chumvi, na natamani lingekuwa la jirani.

Niko Bukoba, Kagondo. Mwaka huu nilinunua gari used, na mimi kabla ya kununua kitu nasoma mpaka wife anakereka.

Nikakuta gari hii iligongeshwa kwa mbele kwenye crash test zaidi ya mara moja, na kila mara vipimo vya kifua cha dummy, lile sanamu linalokalishwa kitini badala ya mtu, vilikaribiana. Vidogo, salama. Nikavimba kichwa, kijiweni wakanichoka.

Juzi kati tukatoka kwenda Muleba kwenye kipaimara. Mama mkwe tukampa seat ya mbele kwa heshima, wife nyuma na mtoto.

Kufika Kemondo nikaona mama amepitisha mkanda chini ya kwapa, maana ulikuwa unamkwaruza shingo. Macho yetu yakakutana. Nikayarudisha barabarani haraka.

Sasa kwetu Wahaya, mkwe hapeleki mkono kifuani kwa mama mkwe. Hata kumwambia tu "rekebisha hapo kifuani" ulimi ulikuwa mzito. Ningeweza kumtuma wife (najua, msinipige mawe bado). Aibu ikanishika, nikajifariji na vipimo vyangu.

Mbele kidogo Fuso ikafunga breki ghafla. Nikaivaa.

Airbag zikafunguka, sisi wengine michubuko tu. Mama mbavu zilivunjika.

Hospitali daktari akauliza mkanda ulikaaje, mama akaonyesha. Wife akanigeukia: "Baba Koku, hukuona?"

Kabla sijafungua mdomo, mama akamsihi kwa shida, "Waitu, muache. Alikuwa anatazama barabara."

Wakuu, nilitamani ardhi ipasuke.

Baadaye nikarudi kusoma vizuri. Vipimo vinakaribiana kwa sababu dummy anakalishwa vilevile kila jaribio, mkanda umepita palepale begani. Dummy hana shingo inayowasha wala mkwe mwenye haya.

Kwa hiyo kagueni mkanda wa kila abiria kabla ya kuondoka. Kama ni mkwe, mtume mkeo.

Mama anauguzwa kwangu. Nikimsalimia asubuhi anaitikia vizuri tu, ameshika ubavu. Wife bado anaamini sikuona.

Nimwambie ukweli, na mama aonekane muongo kwa ajili yangu? Semeni chochote, hata matusi nitapokea.