Gitaa Lililosoma Salamu Kanisani

Enzi zetu, ukuta mtupu ulikuwa aibu. Mama aliyejiheshimu alikoroga uji mzito wa unga wa ngano, akakusanya magazeti ya zamani, akabandika kuta zote za mbao kuanzia sakafuni hadi darini ili upepo wa mlimani usipenye. Kule kwetu juu ya Nkubu, kwenye mashamba ya chai, mama yetu ndiye aliyekuwa bingwa wa kazi hiyo. Hakuacha upenyo hata wa kupitisha unyasi. Mimi nilijifunza kusoma kwenye ukuta wa jikoni, sahani ya githeri mapajani, na mpaka leo kuna kesi ya mwizi wa ng'ombe ambayo sijui hakimu aliamua nini, kwa sababu mwisho wake Mama aliufunika kwa tangazo la sabuni. Watoto wa siku hizi hawawezi kunielewa. Wao habari ikikatika wanalaumu bando.

Kaka yangu Mwenda alikuwa na kigugumizi. Si kile cha kukwama mara mojamoja, la, cha kwake kilikuwa kimeweka kambi. Ukimtuma dukani akanunue chumvi, mwenye duka alishampimia sukari na majani ya chai kabla neno lenyewe halijatoka, na Mwenda, kwa kuchoka, aliichukua sukari. Kila mtu alimmalizia sentensi zake, na karibu kila mtu alizimalizia vibaya. Ndiyo maana nilipoanza tu kusema vizuri, Mama alinikabidhi kazi: "Kendi, fuatana na kaka yako. Wewe ndiwe mdomo."

Pahali pekee ambapo Mwenda hakuhitaji mdomo ni kanisani, kwenye gitaa. Lilikuwa gitaa la umeme, jekundu, rangi imebanduka pembeni, zawadi ya mwanakijiji aliyefanya kazi Nairobi. Umeme wenyewe hatukuwa nao. Kipaza sauti kilikula betri ya gari, na betri hiyo ilisukumwa kwa mkokoteni hadi Nkubu kuchajiwa, ikarudi Jumapili asubuhi kama bibi harusi, vijana wawili wakiitangulia kuondoa mawe njiani. Mwenda alipoligusa lile gitaa, hakukwama. Nyimbo zilimtoka nzima nzima, na hakuna aliyethubutu kummalizia. Nilimpenda kaka yangu siku zote, lakini siku ya Jumapili nilimwonea fahari mpaka kifua kikauma.

Tatizo ni kwamba ng'ambo ya bonde kulikuwa na mlingoti wa kurushia matangazo ya redio. Na gitaa letu lilikuwa na masikio.

Jumapili moja mchungaji akasema tufumbe macho, tunyamaze mbele za Mungu. Tukanyamaza. Hata watoto wachanga walinyamaza. Mara kipaza sauti kikakohoa, kisha sauti tamu ya mwanamume ikatoka humo bila haraka yoyote: "...na salamu hizi zimfikie Kageni wa Runyenjes popote alipo, aambiwe yule wa moyo wake bado anamngoja. Awasalimie pia wote wanaomjua."

"Amina," akaitikia mama mmoja wa mbele, macho bado kayafumba.

Kanisa lilivunjika mbavu. Aliyekosa kucheka ni Mzee Mbaabu, mwenyekiti wa wazee wa kanisa, mtu wa koti refu jua liwake mvua inyeshe, aliyetafuna karafuu kutwa ili pumzi yake, alivyosema mwenyewe, imfae Bwana. Alisimama akalinyooshea gitaa kidole. "Chombo kinachosema kabla hakijapigwa, kina mwenyewe mwingine." Wazee wakakaa wakaamua: gitaa lipewe nafasi ya mwisho Jumapili ya mavuno. Likisema tena, litafungiwa stoo, na kijana arudi kukaa na wenzake kwenye benchi.

Mwenda hakugusa chakula jioni hiyo, na ilikuwa mukimo wa njahi, chakula alichokipenda kuliko vyote. Hapo ndipo nilipojua kwamba mambo ni mazito.

Siku hizi kijana akitaka kuboresha gitaa lake anaagiza kila kitu kwa simu, kikaletwa na bodaboda kikiwa kimefungwa kwenye plastiki yenye malengelenge, kisha anatazama video ya Mhindi akimwonyesha pa kuchomelea. Sisi tulilifunga gitaa kwa shuka, tukashuka Meru mjini, tukapita soko la Gakoromone katikati ya milima ya kabichi, hadi Majengo, kwa fundi wa redio aliyeitwa Baba Swaleh. Kibanda chake kilikuwa kando ya bucha, na ndani redio zilikaa matumbo nje.

"Kaka yangu anasema gitaa linashika stesheni," nikaanza kazi yangu ya mdomo. "Anataka—"

"Kwani yeye hana ulimi?" akauliza Baba Swaleh.

"Anao, lakini unachelewa."

"Basi uchelewe. Hata hii pasi yangu ya kuchomelea haijashika moto."

Mwenda akasema. Ilichukua muda. Fundi alingoja huku akipuliza makaa, wala hakumtazama kwa huruma. Kisha akafungua bamba la gitaa na kutuonyesha ndani. Nyaya zilikuwa uchi, zimelala ovyo kama nyuzi za kapu lililochakaa, na kile kidude cha kupandishia sauti kilikuwa kimeota kutu. "Hii volyumu imekufa, hata kuizungusha inakwaruza. Nawapa ya redio hii, mwenyewe alihamia Isiolo hakurudi. Na hizi waya zinadaka kila kitu kinachopita hewani. Lazima hapa ndani pavikwe karatasi ya kung'aa, ile ya kwenye pakiti ya sigara. Kunja kingo, mng'aro uguse mng'aro. Halafu waya wa ardhi ubanwe na skrubu juu yake. Umeshika, kijana?"

Mwenda akatikisa kichwa kwamba ameshika. Fundi akatukatia waya mzuri wenye koti la nyuzi za shaba, na akatupa kipande cha solda, bati laini la kuchomelea, kilichozungushwa kama konokono.

Mwenda alichomelea kwetu jikoni, kwa msumari wa paa uliopashwa kwenye jiko, Mama akilalamika kwamba chai inanuka bati. Alikata nyaya zote za zamani, akaweka mpya, akafunga volyumu ya yule mtu wa Isiolo. Iliyobaki ni karatasi, na kazi ya karatasi ilikuwa yangu.

Sasa fikiria, msomaji mwenzangu wa rika langu, mtoto wa kike, mwimbaji wa Shule ya Jumapili, anazunguka nyuma ya baa kuokota pakiti za sigara. Madereva wa pikapu za miraa waliokuwa wakitoka Maua walinirushia zao wakicheka. Kiongozi wa kwaya ya akina mama aliniona nikiwa na moja mkononi, na habari ilifika nyumbani kabla yangu. Siku hizo hatukuhitaji mtandao, tulikuwa na wamama wa kwaya.

"Kendi!" Mama alikuwa mlangoni, mikono kiunoni. "Leo sigara. Kesho nikununulie wembe, unyoe ndevu?"

Nilipomweleza, alitulia. Aliingia ndani, akamtazama Mwenda aliyekuwa ameinama juu ya gitaa, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, "Zinatosha?"

Hazikutosha. Zilizotosha nilizipata siku iliyofuata, nilipopenya chini ya ua nyuma ya stoo ya kanisa, kati ya ukuta na tangi la maji, pahali ambapo hakuna aliyekuwa akifika isipokuwa mwenye ufunguo wa geti dogo. Palikuwa na lundo la pakiti, zote za aina moja, nyingine bado mpya, na juu yake zimetawanyika karafuu. Nilikuwa mdogo lakini sikuwa mjinga. Nilizibeba zote kwa sketi, na mdomo wangu, ule uliozoea kusema kwa niaba ya wengine, niliufunga.

Mwenda alibandika karatasi zile kwa uji wa ngano, mng'aro kwa mng'aro, hadi tumbo la gitaa likawa kama ndani ya sufuria mpya. Hatukuweza kulijaribu, kwani betri ilikuwa Nkubu.

Jumapili ya mavuno ikafika. Madhabahu ilijaa mahindi, ndizi, mihogo, na jogoo mmoja aliyekuwa akitoa maoni yake wakati wa tangazo. Mwenda akachomeka waya, akavuta pumzi, akapiga.

Kimya. Hakuna salamu, hakuna Kageni, hakuna wimbo. Akapiga tena. Kimya kile kile. Nikaona jasho likimtoka kaka yangu, midomo yake ikianza kutafuta neno la kujitetea, na nilijua haitalipata. Nilitaka kulia.

Mzee Mbaabu alikuwa ameshasimama. "Limenyamaza," akasema. "Hata mwenyewe amelikimbia. Hebu lifunguliwe hapa hapa, tuone kuna nini."

Akatoa kisu chake cha mfukoni, akampa Mwenda, na Mwenda akaanza kufungua skrubu, moja baada ya nyingine. Mzee akakinga kiganja kuzipokea zisipotee. Bamba likatoka. Tumbo la gitaa likang'aa. Mzee akainama kutazama kwa karibu, pua yake ikaingia karibu kabisa, na hapo taya lililotafuna karafuu tangu nilipozaliwa likasimama.

Alivuta hewa tena, polepole. Kisha akainua macho akanitazama mimi. Mimi nikatazama dari.

"Wapendwa," akasema, na sauti yake ilikuwa imelegea ghafla, "kazi hii ni nzuri. Kijana asiharakishwe. Akina mama wa kwaya, anzisheni wimbo. Tutangoja."

Wakaimba kwa makofi. Ukaisha, wakaanzisha mwingine, na mwingine, wazee wakisimama kunyoosha magoti na kukaa tena. Hakuna aliyetoka. Mwenda akapapasa ndani kwa kidole hadi akafika kwenye tundu la kuchomekea waya, na hapo akakuta kipande cha karatasi ambacho hakukiweka yeye, kimebandikwa vizuri kabisa, hakina kunyanzi, kimelala juu ya ulimi wa tundu na kuiziba sauti yote. Akakibandua akakiinua juu.

"Si palikuwa na upenyo hapo!" Mama akapaza sauti kutoka benchi la akina mama, na kanisa zima likaangua kicheko, hata mchungaji.

Mzee akarudisha skrubu moja moja. Mwenda akapiga, na ilitoka sauti safi, ya duara, ambayo hatukuwahi kuisikia. Waliokuwa wamengoja walipokea wimbo kana kwamba ni wao waliotengeneza gitaa. Nilimwona kaka yangu akicheka na kupiga kwa wakati mmoja, nami nikalia kweli.

Leo kanisa lina umeme, spika ndefu kuliko mchungaji, na kijana anayekaa nyuma ya mashine yenye taa nyingi kama rubani. Mwenda ana mvi na bado anapiga. Desemba iliyopita nilikwenda nyumbani, nikaketi nimtazame. Katikati ya wimbo wa pili waya wake ukakatika. Aliinama kutafuta shida, kama zamani. Yule kijana akagusa simu yake mara moja, gitaa la kurekodiwa likaingia, zuri, halina kosa, na wimbo ukaendelea. Hakuna aliyegeuza shingo. Mwenda alipoinua kichwa, tayari ameshaunganisha, watu walikuwa wanasomewa matangazo.

Nilimkuta nje baada ya ibada. Akacheka, akafungua mdomo kuniambia jambo. Neno la kwanza likakwama. Nyuma yetu magari yalikuwa yanataka kutoka, pikipiki zinapiga honi, mtu akaniita tuondoke. Nilibaki pale pale katikati ya geti, sikumsaidia hata silabi moja, mpaka sentensi yote ikafika.

"Ni... nilikuwa ka... karibu kumaliza," akasema.