Mgeni Kwenye Chumba Kidogo cha Shosho Lin

Sikuota, wala sikuwa na homa. Ilikuwa saa tisa mchana, mikono yangu inanuka sabuni ya vyombo. Ukitaka kuniita mwongo, ningoje nimalize.

Wakati wa lokdauni nilikuwa namtunza bibi mmoja Mchina huko ughaibuni, mtaa wa Granville. Nilimwita Shosho Lin, kama tunavyowaita bibi zetu kwetu, naye akazoea. Kwa vile hakuruhusiwa kutoka, alitengeneza chumba kidogo ndani ya kasha, mfano wa sebule ya wazazi wake kule Uchina: viti vyeusi vya mbao viwili viwili, dirisha la karatasi lenye nakshi, birika la chai dogo kama punje ya mahindi. Kisha akaanza kutengeneza watu. Baba, mama, yeye mwenyewe akiwa mtoto.

Siku moja nikakuta ndani ya kasha mtu mpya, mwanamke mweusi aliyevaa kitenge. Nikatabasamu, nikidhani ni mimi.

"Ni Furaha," Shosho akasema.

Furaha ni Mkongomani, tulikuwa tunapokezana zamu. Alikuwa na miezi miwili tu pale. Mimi nilikuwa mwaka wa pili. Ni mimi niliyemwogesha Shosho, niliyemkata kucha, niliyemsihi daktari kwa simu alipoanza kukohoa. Wewe ungejisikiaje? Kwa siku tatu nilimhudumia Shosho nimenuna.

Siku ya nne, Shosho amelala, nikatoka jikoni nikamkuta msichana wa Kichina amepiga magoti mbele ya kasha. Mlango nilikuwa nimeufunga mwenyewe, na wageni walikuwa marufuku. Nikamwuliza kwa Kiingereza ameingiaje, na barakoa yake iko wapi.

Akanijibu kwa Kiswahili. Niamini. Kiswahili cha kwetu Nakuru, bila kukwama.

"Mimi ni dada yake. Hata mimi hakuniweka." Akamwonyesha yule wa kitenge kwa kidole. "Nikuondolee huyu?"

Ningeweza kukemea. Ningeweza kuomba, mimi ninayeongoza maombi kanisani. Nikasema, "Mwondoe."

Nilipopepesa macho hakuwepo. Mlango bado umefungwa, na mwanasesere wa Furaha ametoweka.

Kesho yake Furaha akanipigia akilia. "Dada, Shosho anasema hanijue. Ananifukuza. Nimemukosea nini?"

Nikamwambia ni uzee. Kampuni iliyotuajiri ikamhamishia kwa wazee wengine, lakini hakudumu. Alisema anaogopa macho ya wazee. Sasa anapakia maboksi kwenye ghala Villawood.

Nikabaki na Shosho peke yangu, kama nilivyotaka. Nilimwuliza kama aliwahi kuwa na dada. Akasema, "Alikufa akiwa msichana. Hakupenda mimi nipendwe." Kisha akanishika mkono, akanitazama kwa upendo ambao hakuwahi kunionyesha, akaniita Furaha. Nilimsahihisha, nikachoka. Mpaka anafariki, jina langu hakulitamka tena.

Furaha huja kwangu Jumapili na bakuli la sombe, kisamvu cha kwao. Huniuliza kama Shosho alimkumbuka kabla ya kufa.

"Alikutaja kila siku," namwambia, na ni kweli. Yaliyobaki sijaweza kumwambia.

Basi wewe, ukikutana ndani ya nyumba iliyofungwa na mtu asiyefaa kuwepo, akakuuliza akuondolee nani, usimtaje mtu. Hata kama ni lokdauni, toka nje.