Mama Kayombo na Maji ya Nzilo

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa, kijijini kwetu kando ya ziwa Nzilo, asubuhi moja ya mvua ilitosha kututoa majumbani. Kufikia adhuhuri nyumba za ufukweni zilikuwa zimekwenda, pamoja na nyavu, mitumbwi na chanja za kukaushia samaki. Ilibaki nyumba moja tu, ya Mama Kayombo, mjane ambaye marehemu mumewe alimleta kutoka Sandoa. Ilisimama juu kidogo, karibu na kichuguu, mahali ambapo wavuvi walipaona mbali na kazi.

Kwetu iliaminika kwamba ziwa lina wenyewe, na muloji, yaani mchawi, akiliita, linapita mlangoni pake bila kugusa. Kwa hiyo hakuna aliyesema habari za mwinuko. Walisema maji yalimjua.

Tulianza kujenga upya palepale. Baba na wenzake walikwenda mbali kutafuta miti, maana msitu wa karibu ulikuwa umekwisha kwa makaa yanayopelekwa Kolwezi. Sisi watoto tulibeba matete. Mama Kayombo alipotuletea beseni la udongo wa kukandika, mama yangu alilipokea, akalimwaga miguuni pa yule mjane.

"Udongo yako, bakia nayo," alisema.

Mama Kayombo aliokota beseni lake. Alizitazama nguzo zetu mpya, akasema polepole, "Mama, musijenge tena hapa. Maji iko na njia yake. Itarudia."

Kabla ya jua kuzama, kijiji kizima kilisema ametuapiza.

Siku chache baadaye nilimkuta ufukweni akichomeka vijiti kwenye tope. Nilimwogopa, lakini nilimuuliza anafanya nini.

"Niko napima maji," alisema. "Jana iliishia hapa. Leo iko hapa. Unaona?"

Niliona. Kwa miaka mingi nilijidanganya kwamba sikuelewa, lakini nilielewa vizuri sana. Hata hivyo, nilipofika nyumbani nilisema nimemwona akizika dawa majini. Mama, ambaye tangu mafuriko alikuwa hatusemeshi, alinivuta karibu na kuniambia nirudie mbele ya majirani. Nikarudia. Mara ya tatu nikaongeza kwamba vijiti vilifungwa nyuzi nyekundu.

Wanaume walikwenda kuving'oa. Siku ya nne baada ya hapo maji yakarudi, watu wakiwa wanakula, yakachukua nguzo zetu zote. Onyo la yule mama lilitimia, na kwa kutimia likamhukumu.

Walipanda hadi kwake wakiwa bado wamelowa. Alikuwa amesimama mlangoni. Baba yangu, mtu mpole ambaye sikuwahi kumsikia akigombana, ndiye aliyesema, "Enda, kabla tukushike."

Alitoka na sufuria mbili na kikwembe alichojifunga. Watu walimrushia tope. Na mimi nilirusha, likampata shavuni. Aligeuka, akaniona ni mimi, akaendelea kutembea.

Nyumba yake ilibomolewa siku hiyohiyo. Miti yake ilikuwa mikavu na migumu, na kila familia ikapata sehemu. Baba alileta nguzo nne. Halafu, bila mtu kukiri kitu, tukajenga kulekule juu, kuzunguka kichuguu. Maji hayajatufikia tena.

Sasa naishi Musonoi, nina watoto wangu. Mwaka jana mama alikuja kunitembelea, na tukiwa tunachambua maharage nilimuuliza kama kweli aliamini yule mama alikuwa muloji.

Alichagua kijiwe kwenye maharage, akakitupa kando.

"Mi nilijua hapana," alisema. "Lakini tulikuwaka na batoto sita, na hatukukuwa na muti hata moja ya kujenga."

Nilitaka kumkasirikia, nikashindwa. Yeye angalau alikuwa na watoto wa kuwatafutia paa. Mimi nilitaka tu watu wazima wanyamaze wanisikilize, na kwa siku moja walinisikiliza.

Nikikutana na watu wanaotoka Sandoa huwa nawauliza habari za Mama Kayombo. Hakuna anayemjua. Wengine, kwa heshima, wananiuliza ni nani wangu. Hapo huwa nawaaga na kwenda zangu.