Chokoleti za Mama Mdogo Hidaya

Wiki iliyopita kazini, mwenzangu mmoja alifungua mkoba wake, akatoa chokoleti na kunikatia nusu. Ilikuwa imekaa humo siku nyingi. Ilinukia chokoleti na manukato, pamoja na ile harufu ya ngozi ya mkoba iliyochanganyika na sarafu. Nilimwambia asante, mimi sili vitu vitamu. Ni uongo. Nakula vitu vitamu mpaka mume wangu ananificha sukari. Kisichopita kooni mwangu ni chokoleti iliyotoka mkobani mwa mtu, na sababu yake nitawaambia nyinyi, maana yeye nilishindwa kumwambia.

Nilikuwa na miaka tisa. Tulikaa Tooting, huko kwa Waingereza, katika fleti ya vyumba viwili juu ya duka la vitambaa: mimi, Mama, na mdogo wake Mama, Hidaya, aliyekuwa amefika kutoka Korogwe mwaka mmoja kabla. Mama alifanya kazi kwenye nyumba ya kulelea wazee na aliondoka kabla sijaamka. Kwa hiyo mtu aliyeniamsha, akanisuka nywele, akanipeleka shule na kuja kunichukua, alikuwa Mama mdogo. Alikuwa na miaka ishirini na miwili, na kicheko cha kuwageuza watu kituoni. Yeye akisema nami kwa Kiswahili, mimi nikimjibu kwa Kiingereza, na hatukuwahi kupotezana. Barua zake za Uhamiaji zilipokuja kutoka Croydon, zile ndefu zenye namba juu, tulikaa mezani nikamsomea mstari kwa mstari, nikijiona wakili mkubwa. Nilimpenda kuliko Mama. Mnisamehe, lakini mtoto humpenda aliyepo.

Shida yangu ilianzia kwenye vyoo vya shule. Milango yake ilikuwa mifupi, juu wazi, chini wazi, na wasichana wa madarasa ya juu walikuwa na mchezo wa kupanda juu ya choo cha pili na kuchungulia. Tena humo hakukuwa na maji, karatasi tu, na mimi nyumbani nilifundishwa kopo. Basi nikaamua, kwa akili ya miaka tisa, kwamba shuleni sitaenda haja kubwa kabisa. Nikawa najizuia mpaka nifike nyumbani. Baadaye hata nikifika nyumbani haja ilikuwa imeshaondoka zake. Siku mbili, siku nne. Ilipofika siku ya sita tumbo langu lilikuwa gumu kama ubao wa kukatia mboga, na nikawa nasogeza sahani ya wali na kusema nimeshiba.

Mama mdogo hakudanganyika. Alinikalisha kitandani, katika chumba tulicholala pamoja, akaniuliza mpaka nikasema. Nilimpa sharti moja.

“Usimwambie Mama. Atanipeleka kwa daktari, na daktari atataka kuniangalia.”

“Simwambii,” alisema. “Naapa. Hili letu mimi na wewe.”

Jumatatu jioni, tulipomaliza kula, aliniita chumbani, akafungua mkoba wake mweusi, akanipa kipande kidogo cha chokoleti kilichofungwa kwenye karatasi ya kung’aa.

“Kula. Usimwonyeshe mama yako, atasema nakuozesha meno.”

Ilikuwa tamu mbele, nyuma yake kuna uchungu kidogo. Nikadhani ndivyo zilivyo chokoleti za watu wazima, na nikajisikia mkubwa. Ile karatasi niliinyoosha kwa ukucha mpaka ikawa laini kama kioo. Ilikuwa na jina juu yake ambalo sikulijua; nikalichukulia kuwa jina la kampuni ya chokoleti. Niliitia mfukoni mwa koti. Siku nzima ya Jumanne nilikuwa naigusa kwa kidole darasani, kama mtu mwenye pete mpya.

Jumanne jioni alinipa vipande viwili. Jumatano asubuhi, tukisubiri taa ituruhusu kuvuka barabara, aliinama akaniuliza sikioni, “Bado?”

“Bado.”

“Hata kidogo?”

Nilitikisa kichwa. Akanipa viwili vingine, nikavila nikitembea, mkono wangu mmoja ndani ya mkono wake. Nakumbuka nilifikiri hakuna mtoto Tooting nzima mwenye bahati kama yangu.

Jumatano mchana darasa letu lilikuwa na zamu ya kuogelea. Tumbo lilianza kunisokota tukiwa tumepanga mstari kando ya maji, katika mavazi ya kuogelea, tukitetemeka. Lilinisokota, likaacha, likarudi kwa nguvu zaidi. Niliinua mkono. Lakini mimi nilikuwa naogopa maji na nilishawahi kutoa visingizio vingi, basi mwalimu akatabasamu akaniambia ingia tu, utazoea.

Nikaingia.

Yaliyofuata sitayaeleza kwa urefu. Itoshe kusema kwamba filimbi ilipigwa, watoto wote wakatolewa majini mbio mbio, na mimi nikabaki peke yangu nimeng’ang’ania ukingo, kwa sababu nilijua nikitoka wataona, na nisipotoka wameshaona. Mwalimu aliniinua, akanifunga taulo. Kwenye benchi la kubadilishia nguo nilikaa kando ya Chantelle, rafiki yangu tangu chekechea. Alichukua viatu vyake akahamia mwisho wa benchi.

Mama alikuwa kazini na simu yake imezimwa, kwa hiyo shule ilimpigia Mama mdogo. Alipoingia ofisini nilimkimbilia. Alinikumbatia, akaniambia pole mwanangu, pole, na nikaona yamekwisha, mtu wangu amefika.

Mwalimu akauliza swali lake taratibu, akimtazama usoni. Kiingereza cha Mama mdogo kilikuwa bado kidogo, akanigeukia mimi, kama alivyofanya siku zote.

“Anasemaje?”

“Anauliza nimekula nini. Na kama kuna dawa yoyote nimepewa.”

“Mwambie hapana, hakuna dawa. Mwambie jana ulinunua sambusa barabarani, ilikuwa imechacha.”

“Lakini mimi sikununua sambusa.”

“Tatu,” akaniita kwa jina langu. “Mwambie.”

Hakunifokea. Sauti yake ilikuwa ileile ya kunisuka nywele. Basi nikamgeukia mwalimu, nikayasema kwa Kiingereza changu kizuri cha Tooting: kwamba nilinunua sambusa bila ruhusa, kwamba ilikuwa na harufu, kwamba niliila hivyohivyo. Mwalimu aliandika. Nilikuwa sijui nimedanganya kwa ajili ya nini. Nilijua tu kwamba nimejisingizia mwenyewe, kwa mdomo wangu, na kwamba yule niliyemkimbilia ndiye aliyenituma.

Mama aliporudi alisimuliwa habari ya sambusa. Nilikaripiwa kwa uroho, nikanyimwa televisheni wiki mbili. Mama mdogo alikuwa sinkini akimenya viazi. Hakugeuka. Nilisubiri ageuke mpaka viazi vikaisha.

Tumbo liliendelea kuuma, nikawa dhaifu, midomo imenikauka. Ijumaa asubuhi Mama aliomba ruhusa kazini akanishusha duka la dawa la barabara yetu, kwa Bwana Jayanti. Alikuwa Mhindi aliyezaliwa Moshi, mfamasia tangu ujanani, na Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko changu. Watoto wote tulimwita Anko.

Aliniuliza nimekula nini wiki hii, kila kitu, hata kidogo. Nikataja wali, mkate, nikataja sambusa kwa aibu, na mwisho nikasema, kwa sababu niliona si kitu, chokoleti za Mama mdogo.

“Chokoleti gani?”

Niliingiza mkono mfukoni nikampa karatasi yangu. Bwana Jayanti alivaa miwani, akaisoma, kisha akaiweka juu ya kaunta polepole.

“Ulikula ngapi?”

“Moja, halafu mbili, halafu mbili asubuhi.”

“Dada,” akamwambia Mama, “hii si chokoleti. Hii ni haluli, dawa ya kuendesha tumbo. Imetiwa ladha ya chokoleti tu.”

Mama alisema haiwezekani. Bwana Jayanti akaenda rafuni, akaleta pakiti, akaiweka kando ya karatasi yangu. Jina lilikuwa lilelile.

“Inauzwa bila cheti cha daktari, basi watu wanadhani ni sawa na pipi,” alisema. “Inauchochea utumbo ujikaze usukume. Kazi yake huchukua saa sita, saa kumi na mbili, ndiyo maana mtu mzima anaila wakati wa kulala, asubuhi anakwenda chooni. Lakini watu hawana subira. Hawajaona kitu, wanaongeza. Haiongezwi, dada. Unafuata kipimo cha pakiti, unakunywa maji, ukishapata choo unaacha. Siku chache tu. Ukifika wiki bado, si kuendelea, ni kwenda kwa daktari. Na mtu tumbo linamuuma sana au anatapika asiiguse kabisa.”

“Na mtoto?”

“Mtoto hapewi mpaka daktari aseme. Huyu amepoteza maji mengi. Mpeleke leo, usingoje Jumatatu.”

Kisha akainama juu ya kaunta akaniuliza kwa nini nilikuwa najizuia, na ndiye mtu wa kwanza aliyenisikiliza habari ya ile milango mifupi bila kucheka.

Daktari alinipa poda ya kuchanganya na maji. Aliniambia nikae chooni kila siku baada ya chai ya asubuhi, miguu juu ya stuli, bila haraka. Mama akaandika barua shuleni kuomba nitumie choo cha walimu. Baada ya mwezi mmoja tumbo lilikuwa limetengemaa. Hiyo ndiyo sehemu rahisi.

Ijumaa ileile, alasiri, Mama aliweka ile karatasi ya kung’aa mezani mbele ya mdogo wake.

“Nilitaka kumsaidia,” Mama mdogo alisema. “Mimi nilipofika huku, mikate yao ilinifunga choo wiki nzima, nikala hizo nikapona. Si zinauzwa dukani, dada?”

“Na sambusa?”

Mama mdogo alijifunika uso. Alilia. Nami nikasimama mlangoni nikisubiri zamu yangu ya kuombwa radhi, na Mama akanigeukia.

“Shuleni tutaliacha kama lilivyo,” alisema.

“Lakini wananiita Sambusa! Wote!”

“Watasahau. Wewe mtoto.”

Hawakusahau. Niliitwa Sambusa mpaka nikahama shule. Chantelle aliniita hivyo pia, kwa upole, kana kwamba ni jina la kawaida.

Sababu niliijua nikiwa na miaka kumi na sita, siku Mama mdogo alipopata kibali chake cha kukaa. Mama aliniambia tukiwa jikoni. Walikuwa wameogopa kwamba shule ikisikia mtoto amepewa dawa kwa siri itaandika, na maandishi yatafika Croydon, kwenye faili lake. Sijui kama woga wao ulikuwa na msingi. Najua ulikuwa woga wa kweli. Nilielewa pia jambo jingine: ndani ya kila pakiti ya dawa kuna karatasi ya maelezo, na kati ya karatasi zote alizoniletea nimsomee, hiyo peke yake hakuniletea. Asingeweza. Ningejua.

Mwaka jana, sikukuu ya Idi, tulikuwa nyumbani kwake Thamesmead, sebule imejaa. Akiwa amesimama na sinia la vitafunio, akaanza kuwasimulia wageni: huyu mnayemwona, alipokuwa mdogo alikula sambusa mbovu akafungisha bwawa zima! Watu wakacheka. Binti yangu akacheka. Mama, anayejua kila kitu, akacheka, akijiziba mdomo kwa ncha ya mtandio.

“Haikuwa sambusa,” nilisema.

Mama mdogo aliliweka sinia chini, akaniita jikoni, akafunga mlango.

“Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, Tatu. Ulitaka niwaambie nini wale?”

“Wale usingewaambia kitu. Ungeniambia mimi.”

Alifungulia bomba, akaanza kuosha vikombe ambavyo vilikuwa safi. Nilichukua kitambaa nikawa navifuta. Hakusema samahani, na tangu siku hiyo hajaisimulia tena hadithi ile.

Miaka yote nilidhani kinachoniuma ni bwawa, au lile jina, au uongo niliotumwa kuutafsiri. Kinachoniuma ni kidogo kuliko hivyo. Hakuwa na haja ya kunidanganya. Angeniambia Jumatatu ile kwamba hii ni dawa, ni chungu, na kesho itakusokota tumbo, ningeitafuna bila kuuliza neno, kwa sababu ni yeye aliyenipa.