Jembe la Luvanda

Nakumbuka asubuhi moja ya masika, mwanangu, nilipojifunga khanga kiunoni na kushuka kupalilia shamba la mama mkwe wangu. Nilikuwa bi harusi mpya. Nilitolewa kwetu Iyunga, kule Mbeya, nikaletwa kuolewa kijiji cha upande wa Iringa, na Kihehe chenyewe nilikuwa najua salamu tu. Kamwene, kamwene, basi, maneno yameisha. Lakini wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na mimi langu nilikuwa nimekwisha kupewa.

Kule tulikuwa na mgowe. Leo majirani wote wanapalilia kwako, kesho mnahamia kwangu, keshokutwa kwa mwingine, mpaka kijiji kizima kimezungukwa. Mwenye shamba anapika chakula, anaweka ulanzi, ile pombe ya mianzi, na togwa isiyolevya kwa watu wa kanisani. (Baadhi ya hao wa kanisani walikuwa wakikosea kibuyu, lakini hayo tumwachie Mungu.) Sheria ilikuwa moja tu: aliyekupalilia, nawe kampalilie. Asiyeinua jembe kwa wenzake asingoje mtu kwake.

Sasa palikuwa na bwana mmoja, Luvanda, mpiga ligombo. Ligombo ni ubao uliochongwa kama kihori kidogo, ukafungwa uzi wa mshipa wa ng'ombe huku na huku, pamoja na kibuyu cha kukuza sauti. Kwenye mgowe Luvanda hakulima. Alikaa ukingoni mwa shamba akapiga na kuimba. Alimwimba babu yako aliyefyeka msitu ule, akamtania mvivu, akamsifu mjane aliyetangulia wanaume kwenye mstari. Siku yangu ya kwanza mgongo uliniuma mpaka nikataka kulia. Akaimba kwamba binti wa Mbeya amezoea udongo mweusi wa kwao, sasa huu wetu mwekundu anauogopa. Watu wakacheka, na mimi nikacheka, na nilipoinua macho nilikuwa nimefika mwisho wa mstari. Nilimpenda sana mtu yule tangu siku hiyo, maana ndiye wa kwanza kunitaja mbele za watu kama mtu wa pale.

Zamu ikazunguka nyumba hadi nyumba, ikafika kwa Luvanda. Hakwenda mtu. Si kwamba walikuwa watu wabaya, mwanangu. Walikuwa watu wa haki, na haki yao waliihesabu kwa majembe. Luvanda alimlimia nani? Hata nyumbani kwetu siku ile tulikaa tukachambua maharage, na mimi mgeni nikadhani ndivyo ilivyo desturi.

Siku chache baadaye nilipita kwake nikienda kisimani. Mahindi yake huyaoni kwa majani. Uani kuku walikuwa wanakula pumba, na pumba zile zilikuwa zimewekwa ndani ya ligombo. Nyuzi zimeng'olewa, kibuyu kimewekwa kando. Mke wake aliona ninavyotazama.

"Baba watoto anakwenda Mufindi, kwenye mashamba ya chai," akaniambia. "Sisi tutakula nyimbo? Watu wanazipenda, ndiyo, lakini haziivi chunguni."

Nilibeba maji yangu nikaondoka na moyo mzito, na kwa kuwa bi harusi haanzishi mazungumzo, nikanyamaza.

Ndipo ikaja asubuhi ile niliyoanza nayo, zamu ya kwetu. Walikuja watu wale wale, na majembe yale yale. Ukingoni mwa shamba palikuwa patupu. Tulianza vizuri, kisha mmoja akanyoosha mgongo, mwingine akaenda kunywa maji na asirudi upesi. Wanaume wawili wakagombana, kila mmoja akidai mwenzake amemwachia mstari wenye majani mengi. Jua lilipofika utosini tulikuwa hatujafika nusu ya shamba, na kila mtu amenuna.

Mama mkwe wangu alitoka na chakula, akatutazama, akatazama na shamba lake.

"Mwaka jana muda huu mlikuwa mmemaliza na mnacheza," akasema. "Nani hayupo leo?"

"Wote tupo, mama," akajibu mmoja. "Amekosekana Luvanda tu, na yeye si halimi?"

"Yuko wapi?"

Wote walijua anaondoka, lakini hakuna aliyetaka kuwa wa kulisema. Nikasema mimi, kwa sauti ndogo: "Mama, anafunga mizigo. Kuku wanakula pumba ndani ya ligombo lake."

Mama yule alikaa chini palepale kwenye tuta. Kisha akasema, "Ehe. Tumemla mtu, na mimi nikiwamo. Mstari huu mwaka jana mlisema mmeulima ninyi. Kama ni ninyi, mbona leo umewashinda?" Akainuka, akachukua jembe lake. "Shamba langu liacheni. Twende kwa Luvanda."

"Na mahindi yako, mama?"

"Mahindi yangu nimesema yaache!"

Tulimkuta Luvanda mlangoni, mzigo umekwisha kufungwa. Alipoona umati na majembe alishtuka, akadhani tumekuja kwa ugomvi. Tulipoingia shambani tukaanza kupalilia, naye akakimbilia jembe ili ajiunge nasi, machozi yakimtoka. Mama mkwe wangu akamnyang'anya lile jembe mkononi.

"Hili si lako," akamwambia. "Jembe lako liko kwa kuku. Kalioshe."

Akalioshea palepale mbele yetu. Kutafuta mishipa na kuifunga kulichukua muda, na sauti ya kwanza ilikwaruza vibaya, lakini hakuna aliyecheka. Shamba lile lilikwisha kabla ya jua kutua, na kesho yake tukamaliza la mama, Luvanda akiwa mahali pake ukingoni. Mufindi hakwenda tena. Tangu hapo kijijini kwetu mpiga ligombo alihesabiwa miongoni mwa wakulima.

Basi sikia, mwanangu. Mcheza kwao hutunzwa, na kutunza si kupiga makofi tu. Yupo kwenu anayeimba kwenye misiba yenu, yupo anayesuka, yupo anayechora. Usiseme huyu ni wetu, hata bure atakuja. Kwa kuwa ni wenu, nani mwingine atampalilia? Muulize shamba lake likoje. Nunua kazi yake hapa nyumbani kabla hujasifu ya mbali, na siku akinyamaza, usingoje bi harusi mgeni aje kukuambia.

Mungu akupe mikono ya kulima na masikio ya kusikia. Na siku mgongo utakapokuuma katikati ya mstari, asikose mtu ukingoni wa kulitaja jina lako.